Kurudia na Kurudi

Zamani lilikuwa banda la kuku. Sasa lina mabenchi sita na ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeusi, na kila jioni ya siku ya kazi, kuanzia saa kumi, watoto thelathini na kitu wa mtaani kwetu hubanana humo kwa tuisheni ya shilingi mia tano kila mmoja. Siku moja nilikwenda kumchukua mpwa wangu wa darasa la tano kabla ya muda, maana mvua ilikuwa inanukia. Mwalimu, kijana aliyemaliza kidato cha sita na anayesubiri kwenda chuo, alinigeuzia ndoo nikalie. Nikawa nachungulia daftari la mtoto huku akimalizia kazi yake.

Ubaoni palikuwa na maswali arobaini, yote ya kutoa. La kwanza: 402 kutoa 178. Mpwa wangu ameandika 376. Nikadhani ameteleza. La pili: 530 kutoa 264, ameandika 334. La tatu: 711 kutoa 345, ameandika 434. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuteleza popote. Nilipomwuliza amepataje, alinieleza kwa upole kama anayemfundisha mtu mzima mambo ya simu: "Mjomba, mbili huwezi kutoa nane. Kwa hiyo unageuza, nane kutoa mbili, sita." Kanuni yake ilikuwa moja na aliifuata kwa uaminifu kabisa: katika kila safu, kubwa kutoa ndogo, bila kujali ipi iko juu.

Maswali thelathini na moja kati ya arobaini yalihitaji kukopa kwa jirani, na yote aliyakosa. Tisa hayakuhitaji, akayapata. Mwalimu akamwandikia 9/40 kwa wino mwekundu, na chini yake: Ongeza bidii.

Bidii ndiyo kitu pekee ambacho mtoto yule hakupungukiwa. Alikuwa amefanya mazoezi ya kosa lake mara thelathini na moja kwa kikao kimoja, na mama yake, dada yangu, alikuwa amelipia.

Tangu jioni ile nimekuwa nikijiuliza jambo ambalo wazazi wengi hatuliulizi, kwa sababu jibu tunaliona liko wazi: je, hesabu za kurudiarudia baada ya shule zinamsaidia mtoto? Mpenzi wa tuisheni atakwambia mazoezi hujenga, haba na haba. Asiyeipenda atakwambia tunawakaririsha watoto kama kasuku. Nimewasikiliza wote wawili kwa muda mrefu, na naona wanagombania kitu ambacho si kiini cha shauri.

Tuanzie kwa mtu aliyeligeuza jambo hili kuwa kampuni ya dunia nzima. Mwaka 1954, huko Osaka nchini Japani, mtoto wa darasa la pili aitwaye Takeshi alirudi nyumbani na karatasi ya mtihani wa Hesabu isiyopendeza. Mama yake hakufurahi, akamgeukia mumewe. Mume, Toru Kumon, alikuwa mwalimu wa Hisabati wa sekondari, na hilo bila shaka lilifanya mgeuko wa mama kuwa mkali zaidi. Basi kila siku baba akawa anamwandikia mwanawe kwa mkono karatasi ya hesabu za kukokotoa, kazi ya kama nusu saa, si zaidi. Kesho yake nyingine, ngumu kidogo kuliko ya jana. Takeshi alipofika darasa la sita alikuwa anafanya kalkulasi, hesabu ambazo kwetu hukutana nazo wale wachache wanaochukua Hisabati kidato cha tano. Mwaka 1955 kikafunguliwa kituo cha kwanza kwa ajili ya watoto wa wengine, mwaka 1958 ikaanzishwa kampuni, na leo karatasi za Kumon zinajazwa katika nchi zaidi ya hamsini.

Ukiingia katika kituo chao utaona watoto wameinama kimya, kila mmoja na karatasi yake, saa ikihesabu dakika alizotumia. Hakuna mwalimu anayefundisha ubaoni. Mtoto huja mara mbili kwa wiki na siku nyingine hujaza karatasi nyumbani. Akikosa hurekebisha mpaka zote ziwe sahihi, na akichelewa mno kumaliza hurudishiwa seti ileile, na pengine tena na tena. Kikokotoo ni marufuku. Wazazi wengi duniani wamelalamika kwamba kazi hii inachosha hadi mtoto analia, na kwamba ni kiwanda cha kuzalisha majibu. Siwezi kuwabishia. Nimewahi kuzishika karatasi hizo nikiwa ugenini kwa rafiki, na hata mimi mtu mzima niliona usingizi kwenye ukurasa wa tatu.

Ila kuna jambo moja katika utaratibu huo ambalo watu hulipita haraka. Mtoto haanzii darasa alilomo. Anapimwa kwanza, kisha anaanzishwa mahali anapopaweza kabisa, mara nyingi chini ya darasa lake. Wa darasa la tano anaweza kupewa hesabu za darasa la pili, na mzazi akakasirika kwamba anaibiwa hela. Kwa maneno mengine, kabla ya kurudia, mtoto hurudishwa. Kiswahili kimetupa vitenzi viwili vya shina moja, na nadhani shauri lote la makala haya limo humo: banda letu la kuku lina kurudia kwingi sana na halina kurudi hata kidogo. Mwalimu yule alikuwa anarudia mada ya wiki ile ya shuleni, kwa watoto thelathini, kila mmoja akiwa amepotelea kona yake.

Nisije nikaonekana nadharau kurudia kwenyewe. Mtazame fundi wa bao. Mbele yake pana mashimo 32 na kete 64, na hesabu ya nani ataliwa kete wapi inabadilika kila mkono unapopita. Mgeni anahesabu shimo moja moja kwa ncha ya kidole, na anapofika la nne amesahau alichokuwa anakitafuta. Fundi haonekani kuhesabu. Anatupa jicho, anajua shimo lile lina saba na litaishia wapi, na akili yake yote imebaki huru kumwinda mwenzake. Hakuzaliwa hivyo; amecheza maelfu ya mabao barazani.

Wanasaikolojia wana maelezo yake. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller alichapisha makala mashuhuri akionesha kwamba vitu tunavyoweza kuvishika akilini kwa wakati mmoja ni vichache, karibu saba, na waliomfuata wakaona hata saba ni ukarimu. Sasa mpe mtoto ajumlishe 3/7 na 5/8. Anatakiwa akumbuke kwamba anatafuta asili ya pamoja, azidishe saba kwa nane, abadilishe kila sehemu, ndipo ajumlishe. Kama saba mara nane anaitafuta kwa vidole, akirudi kutoka kwenye vidole vyake hakumbuki alikuwa anakwenda wapi. Aliyeshika tebo hana safari hiyo. Kwa hiyo wanaosema siku hizi kuna simu, tebo za nini, wananikumbusha mtu anayesema kamusi zipo, maneno ya nini. Na watoto wa pwani waliopita chuo cha Kurani wakarudia juzuu mpaka ulimi ukazoea wenyewe wanajua kwamba kukariri peke yake hakujaua akili ya mtu.

Kinachoua ni kingine, na ili tukione twende Marekani. Mwaka 1973 mtafiti Stanley Erlwanger aliandika habari za mvulana wa miaka kumi na miwili, wa darasa la sita, ambaye makala yanamwita Benny. Shule yake ilifuata mpango wa kila mtoto kujifanyia karatasi zake kwa mwendo wake, kusahihishiwa kwa ufunguo wa majibu, na kusonga mbele akifikisha asilimia 80. Benny alikuwa anasonga vizuri. Mwalimu wake alimhesabu miongoni mwa wanafunzi bora. Erlwanger akaketi naye, akamwuliza anavyofikiri.

Benny alimwambia kwamba 2/10 kwa desimali ni 1.2, na 5/10 ni 1.5. Unajumlisha ya juu na ya chini, kisha unaweka nukta. Basi 4/11 ni 1.5, na 11/4 nayo ni 1.5. Hakuona ajabu yoyote kwamba sehemu ndogo kuliko moja na nyingine inayokaribia tatu zote ziwe sawa. Alijumlisha 0.3 na 0.4 akapata 0.07. Na alikuwa na nadharia kamili kuhusu somo lenyewe: Hisabati ni kanuni nyingi zilizobuniwa na mtu fulani, jibu moja linaweza kuandikwa kwa njia nyingi, na kazi ya mwanafunzi ni kubahatisha ile ambayo ufunguo unaitaka. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikamwona mpwa wangu kwenye benchi lake.

Ubaya wa karatasi ni kwamba karatasi haiulizi "umejuaje?" Inahesabu vema na makosa, basi. Mtoto akipata asilimia 80 kwa kanuni mbovu, karatasi humpongeza, na kila anaporudia kanuni hiyo inazidi kukolea. Baadaye mwalimu wa kuing'oa atapata shida mara mbili: kufundisha ya kweli, na kumsahaulisha ya uongo.

Hata kwa mtoto aliyeelewa, namna tunavyorudia ina kasoro. Maswali arobaini ya aina moja yana raha yake: ukipata la kwanza, thelathini na tisa yanajiendesha. Doug Rohrer na Kelli Taylor wa Chuo Kikuu cha South Florida walilijaribu hili kwa wanafunzi wa chuo, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Kundi moja lilifanya hesabu za ujazo wa maumbo kwa mafungu, aina moja ikimalizika ndipo ije nyingine. Kundi la pili lilipewa hesabu hizohizo zimechanganywa. Wakati wa mazoezi wale wa mafungu waling'ara kwa asilimia 89, wa mchanganyiko wakahangaika kwenye 60. Wiki moja baadaye wakapewa mtihani: wa mafungu wakapata asilimia 20, wa mchanganyiko 63.

Mzazi yeyote angechagua daftari la 89. Mimi pia ningelichagua. Lakini mtihani, kama maisha ya dukani, haukuambii mapema kwamba leo zote ni za kutoa. Nusu ya kazi ni kutambua hesabu hii ni ya aina gani, na nusu hiyo ndiyo ambayo mwalimu wa mafungu amekwisha kuwafanyia wanafunzi wake kwa kuandika kichwa cha mada juu ya ubao.

Pana utafiti mwingine ninaoupenda kwa sababu wahusika wake ni kama watoto wa Kariakoo. Mwaka 1985 Terezinha Nunes na wenzake walichapisha walichokiona Recife, nchini Brazil, kwa watoto watano wa miaka tisa hadi kumi na mitano waliokuwa wakiuza vitu barabarani. Watafiti walijifanya wateja: nazi kumi bei gani? Watoto wakajibu sawasawa kwa asilimia 98. Baadaye wakapewa hesabu zilezile kwenye karatasi, zimevuliwa nazi na wateja. Wakapata asilimia 37. Sokoni walijenga jibu hatua kwa hatua, nazi tatu kwanza, kisha tatu nyingine. Kwenye karatasi walishika kanuni za shule walizozisahau nusu, wakapata majibu ambayo wangemtajia mteja angewacheka.

Je, pana ushahidi kwamba programu za jioni zinaweza kusaidia? Upo, na mzuri zaidi ninaoufahamu umetoka Delhi. Mwaka 2015 Karthik Muralidharan, Abhijeet Singh na Alejandro Ganimian waliwachezesha bahati nasibu wanafunzi 619 kutoka shule za serikali, wengi wao wa familia zenye kipato kidogo. Walioshinda walipata nafasi bure katika vituo vya baada ya shule, dakika 90 kwa siku, siku sita kwa wiki: nusu ya muda kwenye programu ya kompyuta iitwayo Mindspark, nusu katika kikundi kidogo na mwalimu msaidizi. Programu ilimpima kila mtoto, na kipimo kikaonesha balaa: aliyekuwa darasa la sita kwa wastani alikuwa nyuma kwa miaka miwili na nusu. Basi ikampa hesabu za hapo alipo. Baada ya miezi minne na nusu, waliopata nafasi walikuwa wamesonga mbele katika Hisabati zaidi ya mara mbili ya wenzao waliokosa.

Sasa angalia kitendawili chake. Katika mitihani ya Hisabati ya shuleni kwao, faida hiyo haikuonekana. Haikuwa na pa kuonekana, maana mtihani uliwauliza ya darasa walilomo wakati wao bado walikuwa wanapanda kutoka madarasa ya chini. Mzazi aliyesubiri ripoti ya muhula angesema amepoteza wakati. Nchini Bangladesh karatasi za Kumon zenyewe zilijaribiwa katika shule za shirika la BRAC, nusu saa kila siku kabla ya vipindi kwa miezi minane, kwa watoto wa darasa la tatu na la nne, na huko nako Hesabu zilipanda. Mahali pote pawili mtoto alianzia chini ya jina la darasa lake.

Serikali zimelitazama suala la tuisheni kwa jicho la askari zaidi. Kenya iliandika katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kwamba mwanafunzi asilazimishwe tuisheni ya likizo, na anayevunja kifungu hicho anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 za Kenya, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Korea Kusini ilipiga marufuku masomo ya ziada ya kulipia mwaka 1980, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikaitengua marufuku hiyo. Kote huko masomo yaliendelea, mlango ukiwa umerudishwa. Mzazi anayeona darasa la watoto tisini hahitaji kushawishiwa na mtu.

Na tuseme ukweli ambao haumo katika tafiti. Dada yangu hurudi kazini saa moja usiku. Shilingi mia tano zile zinanunua kutoa na kuzidisha, sawa, ila zinanunua pia saa mbili ambazo mtoto ameketi mahali palipo na mtu mzima, mbali na barabara ya daladala. Nilipomwambia tumwachishe kwa muda, alinitazama akaniuliza: "Kaka, akae wapi?" Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo nimepunguza ukali ninapozungumza habari za tuisheni za mitaani.

Hatukumwachisha. Jumamosi moja nilimketisha mezani, nikatoa noti nne za elfu kumi na sarafu mbili za mia. Una shilingi 40,200, nikamwambia, na dukani unadaiwa 17,800. Kwa kanuni yake alitakiwa abaki na 37,600. Akaliandika, akalitazama, akacheka: "Mjomba, mwenye duka kaibiwa!" Nikamwambia basi lipa. Akahangaika na noti zake, kisha akasema lile neno ambalo miaka miwili ya "kukopa kwa jirani" haikumpa: "Si mpaka nichenji?" Tukachenji elfu kumi moja ikawa elfu moja kumi, na elfu moja ikawa mia kumi. Akalipa, akabaki na 22,400. Halafu akaichukua 402 kutoa 178, akaikodolea macho, akaandika 224 bila mimi kusema neno.

Jumatatu yake alikosa tena tatu kati ya kumi. Kuelewa Jumamosi hakukumfanya fundi Jumatatu. Hapo sasa ndipo alipohitaji kurudia, na alirudia: hesabu tano kila usiku, za kutoa zikichanganywa na za kujumlisha na kuzidisha, wiki sita. Siku nyingine kwa furaha, siku nyingi kwa kununa.

Nilimpelekea mwalimu wa bandani habari hizi kwa uangalifu, nisije nikamkwaza. Hakukwazika. Alisema kosa lile analiona kwa watoto kama wanane na angependa kuwatenga awarudishe nyuma, lakini akiwapa maswali matano badala ya arobaini wazazi hulalamika. "Mzee, mzazi anataka kuona daftari limejaa." Alikuwa anatusema sisi, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kabla hujalipa ya mwezi ujao, usiulize mwanao amefanya maswali mangapi. Mwulize mwalimu wa tuisheni mtoto amepotelea wapi. Akikutajia mada ya wiki hii, mwombe ampime upya. Akikwambia, "Huyu bado hajajua kuchenji kumi, nimemrudisha darasa la tatu," usikasirike. Mwongeze hela.